Majani ya mabaka chini ya jua la Diani

Kwenye bustani za hoteli za Diani, maua huja na kwenda lakini rangi haikatiki. Kazi hiyo hufanywa na majani: krotoni za manjano na nyekundu, na chini ya miembe, mimea yenye mabaka meupe inayong'arisha kivuli. Mvuto huo naukubali.

Ila weupe una gharama. Pale penye weupe hapana klorofili, kwa hiyo sehemu ya kijani hulisha jani zima na mmea hukua polepole. Jua kali la Februari huunguza weupe huo kwanza, upepo wa chumvi ukamalizia. Mara nyingine huchipuka tawi la kijani kitupu, lenye nguvu kuliko mengine. Lisipokatwa hadi shinani, litayafunika yote. Na wenye watoto wadogo wajihadhari na difenbakia, mmojawapo wa mimea hiyo ya mabaka: mtoto akiitafuna, mdomo na ulimi huvimba.

Karibu na Diani uko msitu wa Kaya Kinondo, sehemu ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, wenye miti iliyozoea udongo na jua la Kwale. Kwa maoni yangu, bustani zetu zingeanza na miti ya asili ya pwani, mabaka yakabaki vyunguni, barazani.