Mafao ya Uzeeni: Tuamue Tukimkumbuka Atakayebaki

Hii ni mada tuliyoitoa kwenye semina ya wanandoa kutoka Afrika Mashariki wanaoishi na kufanya kazi nchini Marekani.



Tuanze na jambo tulilolisikia kutoka kwa wajane. Mume alifikisha miaka 62, akaambiwa kazini kwamba anaweza kuanza kupokea mafao ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani. Nyumba aliyokuwa akiijenga nyumbani ilikuwa imefika kwenye lenta. Akajaza fomu bila kumshirikisha mkewe, na nyumba ikaezekwa. Miaka ikapita, mume akafariki. Ndipo mke alipotambua kwamba uamuzi ule ulikuwa umepunguza pia pesa yake ya ujane, kwa maisha yake yote. Hatumlaumu marehemu. Hakuna aliyemweleza. Ndiyo maana tumekuja.

Kwanza tuuelewe utaratibu. Ili mtu apate mafao kwa kazi yake mwenyewe anahitaji pointi 40, ambazo kwa kawaida ni miaka 10 ya kazi iliyokatwa mchango. Michango ya NSSF ya Tanzania au ya Kenya haijumlishwi humo, kwa kuwa nchi hizo hazina mkataba wa namna hiyo na Marekani. Mama aliyebaki nyumbani kulea watoto, au aliyefanya kazi za kulipwa mkononi bila kukatwa, anaweza kujikuta hana pointi hizo. Sheria haikumsahau. Tangu marekebisho ya mwaka 1939 mke wa mchangiaji ana fungu lake, na siku hizi mume naye analo kwa mkewe.

Kwa aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye, umri kamili wa kustaafu ni miaka 67. Akianza kuchukua akiwa na miaka 62, mafao yake hupungua kwa asilimia 30. Akisubiri kupita 67, huongezeka asilimia 8 kwa kila mwaka mpaka afike 70. Baada ya hapo kusubiri hakuongezi kitu.

Fungu la mwenza ni hadi nusu ya kiwango kamili cha mwenzake. Halianzi mpaka mwenzake awe ameomba ya kwake, na halikui baada ya miaka 67. Mwenye mafao yake madogo hulipwa hayo kwanza, kisha hujaziwa tofauti. Zamani wengine walichukua fungu la mwenza huku la kwao likiendelea kukua. Sheria ya mwaka 2015 iliufunga mlango huo kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Januari 1954.

Sasa tuchukue mfano, tukiacha pembeni nyongeza za kupanda kwa bei. Baba na Mama wana umri mmoja. Kiwango kamili cha Baba ni dola 2,000 kwa mwezi, cha Mama ni dola 600. Baba akichukua akiwa na 62 atapata 1,400. Akisubiri mpaka 70 atapata 2,480. Tukimhesabu Baba peke yake, aliyesubiri humfikia aliyewahi akiwa na miaka 80 na miezi kadhaa. Wengi husikia hivyo wakasema, "Nani ajuaye kama nitafika huko?"

Ndugu zetu, swali hilo ni la mtu mmoja, na ninyi ni wawili. Mmoja akifariki, mafao madogo hukoma na makubwa ndiyo yanayobaki kwa aliye hai. Ikiwa Baba aliwahi kuchukua, Mama aliyetimiza umri kamili atabaki na dola 1,650. Ikiwa Baba alisubiri mpaka 70, atabaki na 2,480. Tofauti ni dola 830 kila mwezi, wakati ambao kodi ya nyumba haipungui kwa kuwa mmoja ameondoka.

Kusubiri nako kuna gharama. Baba akingoja toka 67 hadi 70, Mama hukosa jazio la dola 400 kwa miezi 36, yaani dola 14,400. Ndiyo maana nyumba nyingi hugawana: mwenye mafao madogo huchukua mapema ili chakula kipatikane, na mwenye makubwa husubiri. Mama akichukua ya kwake mapema hapunguziwi pesa ya ujane kwa sababu hiyo.

Kama nyote wawili ni wagonjwa, au hakuna kitu mezani, kuchukua mapema si kosa. Ila anayechukua kabla ya umri kamili huku bado anafanya kazi ajue kwamba kipato kikizidi kikomo, sehemu ya mafao huzuiwa.

Tunawaomba mfanye mambo matatu. Kila mmoja apate taarifa ya michango yake na amwonyeshe mwenzake. Katika nyumba zetu nyingi mshahara ni siri, na siri hiyo hufunguliwa kwenye matanga, ikiwa imechelewa. Pili, tafuteni vyeti vya ndoa mapema, hasa mliofunga ndoa nyumbani, kwa maana ofisi itataka uthibitisho. Tatu, asijaze mtu fomu kabla ninyi wawili hamjakaa na kujiuliza: mmoja wetu akiondoka, anayebaki ataishi kwa shilingi ngapi?

Nyumba ya nyumbani ni jambo jema. Lakini bati linaweza kungoja mwaka mwingine. Mjane hawezi kurudi nyuma kubadili tarehe ya fomu.