Mcheza Kwao Hapewi Alama: Mrejesho wa Mtihani wa Utamilifu katika Nadharia ya Ngoma

Walimu wenzangu, nianze na karatasi moja ya majibu. Si ya mwanafunzi fulani. Ni ya aina ambayo kila msahihishaji wa Sanaa za Maonyesho amepata kuishika. Swali linataka dhima tatu za ngoma za asili katika jamii. Mtahiniwa amejibu kwamba ngoma huburudisha, ngoma huelimisha, ngoma huunganisha jamii, na kila dhima ameipa mstari mmoja. Pembeni mna vema tatu za wino mwekundu, chini yake neno "Fafanua", na juu kabisa, ndani ya duara, 38. Karatasi ikirudishwa, jicho huenda kwenye duara. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani 38 ni D, kwa kuwa C huanzia 45, na mwenye karatasi analijua hilo kuliko anavyozijua hizo dhima. Anaikunja, anaitia mfukoni, basi. Neno "Fafanua" halikusomwa, na hata lingesomwa lisingefaa kitu, maana aliyeandika mstari mmoja hakuwa mvivu. Ndiyo yote aliyokuwa nayo ya kuandika. Hoja ninayoileta mbele yenu ni hii: mrejesho wa mtihani wa nadharia ya ngoma haumfikii mwanafunzi mpaka umrudishe kwenye ngoma yenyewe aitazame upya, kisha aandike tena palepale alipokwama, na alama ingoje mpaka hilo limefanyika.

Ngoma haifanani na mada nyingine tunazozifundisha. Katika jiografia mtoto hukutana na jina la kitu na maelezo yake siku moja, darasani. Ngoma anakuja nayo. Kijana aliyekulia Mwanga, Gungu au Kibirizi, hapa kwetu Kigoma Ujiji, amekwisha kuona arusi na sherehe za kila namna kabla hajafika Kidato cha Kwanza. Na Ujiji si kijiji cha kabila moja: ulikuwa kikomo cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ukakusanya Waha, Wamanyema, Wabembe na watu waliovuka ziwa kutoka Kongo, na watoto wao leo wanakaa dawati moja. Mwanafunzi wa namna hii anajua mengi kwa macho na kwa nyayo. Anachokosa ni daraja kati ya anachokijua na sentensi. Zaidi ya hapo, lugha yenyewe humtega. Sisi tunapiga ngoma, tunacheza ngoma, tunaalikwa ngomani, na neno ni lilelile. Katika Kirundi, ndugu wa Kiha, ingoma ni chombo na pia ni utawala wa mfalme. Kiingereza cha mtihani kinamtaka awe na neno moja la chombo na jingine la mchezo, na kwa ile hafla nzima hakina neno la uhakika la kumpa. Akichanganya, tunapiga mstari mwekundu chini ya neno na kuhesabu kuwa ni kosa la lugha. Kumbe ni dhana ambayo haijatenganishwa, na dhana haitenganishwi kwa mstari mwekundu.

Kwamba mrejesho waweza kudhuru si dhana ya mtu mmoja. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo 607 ya majaribio ya mrejesho. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo yalionyesha kuwa watu walifanya vibaya zaidi baada ya kuupata, na maelezo ya watafiti hao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoyavuta mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyaelekeza kwenye nafsi yake: mimi ni wa ngapi, mimi ni mtu wa namna gani. Miaka minane kabla yao, 1988, Ruth Butler alikuwa amewagawa wanafunzi wa shule nchini Israel katika makundi: wengine walipewa alama tupu, wengine maoni tupu, wengine alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni tupu ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili hawakuwa na nafuu, kana kwamba yale maoni hayakuandikwa. Mwalimu anayekesha akiandika maneno mazuri kisha akaweka 38 juu yake anaifuta kazi yake kwa mkono wake mwenyewe.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuona mrejesho wa namna nyingine, kwa kuwa ngoma inao. Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko hufanyika papo hapo, noti ikiwa kwenye paji la uso na jasho halijakauka. Vigelegele hupigwa kwa hatua fulani, si kwa mchezaji kwa jumla. Anayekosea haambiwi amepata ngapi. Anayejua huingia pembeni yake, akacheza ile hatua mara mbili tatu, naye akaifuata. Pale hakuna pengo kati ya kosa na fursa ya kulirekebisha. Sisi tumeichukua sanaa hiyohiyo tukaitungia mtihani, na mrejesho wake tunautoa wiki tatu baadaye kwa tarakimu. Sisemi mtihani ufutwe. Nasema kile ambacho ngoma inakijua kuhusu kufundishana kingeweza kuvuka mlango wa darasa.

Tumrudie mwanafunzi wa 38. Badala ya "Fafanua", tuseme mwalimu ameandika hivi: "Umesema huunganisha. Chagua ngoma moja uliyoiona. Nani alianza? Walisimama mstari au duara? Nani alibaki nje, na kwa nini? Andika sentensi nne za ulichoona, ya tano ndiyo iseme inaunganisha nani na nani." Hapo ana kazi mkononi. Na kazi hiyo ina hatari tamu ndani yake, maana huenda akagundua kwamba jibu lake alilolikariri ni nusu ya ukweli. Ng'ambo ya mpaka, ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya Rais wa nchi hiyo ikawakataza wanawake kuzipiga. Ngoma moja, ndani ya miaka mitatu, imekuwa fahari ya wote na pia uzio. Mwanafunzi wa Kigoma anayeweza kuandika kwamba ngoma huunganisha waliomo na kwa kitendo hichohicho huwaonyesha wasiomo mahali pao ameandika aya ambayo hakuna msahihishaji atakayeipita haraka.

Mfano wa ngoma ya beni unaonyesha jambo hili vizuri zaidi, ndiyo maana nitakaa nao kidogo. Swali la mara kwa mara hutaka mwanafunzi atofautishe ngoma za asili na zilizoletwa na wageni, na mwanafunzi huandika: beni ni kuwaiga Wazungu. Mwongozo wa usahihishaji unaweza kumpa vema, na kwa vema hiyo tukawa tumemfungia mlango. Beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika, na Vita Kuu ya Kwanza ikaisukuma bara pamoja na askari na wapagazi. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, sare, gwaride na ushindani mkali, na watu walichangishana na kuzikana ndani yake. Terence Ranger aliyeitungia kitabu mwaka 1975 hakuridhika na neno kuiga. Aliona humo ushindani wa zamani wa miji ya Waswahili ukivaa nguo mpya, na watu wakijipa wenyewe madaraka ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyima. Sasa, mrejesho gani unamfikisha mwanafunzi huko? Hotuba ya nusu saa kuhusu beni haimfikishi. Ataikariri kama alivyokariri ile sentensi ya kwanza. Swali moja linatosha: "Anayemwiga bosi wake mbele ya wenzake, huwa anamsifu au anamcheka? Utajuaje kwa kumtazama mwili wake?" Kijana yeyote anayejua kumwigiza mwalimu wa zamu nyuma ya mgongo wake, na wote wanajua, analo jibu. Mpeni dakika kumi asimame aigize gwaride kwa heshima, kisha aigize kwa kejeli, wenzake waseme ni kiungo gani kilichobadilika. Shingo? Magoti? Kisha akae aandike.

Mtaniambia muda hautoshi, na hapo sitabisha kwa urahisi. Mtihani wa utamilifu hufanyika miezi michache tu kabla ya ule wa taifa wa Novemba, na mwalimu wa Sanaa za Maonyesho mara nyingi hufundisha na somo jingine. Ila tuhesabu. Kinachokula muda ni kuandika maneno machache yasiyosomwa katika kila swali la kila karatasi. Ninachopendekeza ni aya moja tu kwa kila mwanafunzi, ile iliyo karibu zaidi na kuwa nzuri, na swali moja juu yake. Kwa wanafunzi 40, dakika tatu kila mmoja, ni saa mbili. Ongezeni vipindi viwili vya dakika 40, kimoja cha kutazama na kucheza, kimoja cha kuandika upya. Makosa mengine yote yaacheni kwa sasa. Najua inauma kuliona kosa na kulipita. Lakini mwanafunzi anayerudishiwa makosa kumi na mawili hurekebisha lile la tahajia.

Pingamizi zito zaidi ni la alama. Wazazi wanataka matokeo, mkuu wa shule anataka orodha ubaoni, na tathmini endelevu inahitaji tarakimu. Sipingi tarakimu kuandikwa kwenye daftari la mwalimu siku ileile. Ninachoomba ni siku tano au sita kati ya mwanafunzi kupata aya yake na kupata alama yake. Orodha ubaoni ingoje. Na anayesema Baraza halisahihishi kwa mashairi bali kwa hoja, asome ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza lenyewe huzitoa baada ya mitihani, zenye rangi ya kijani, njano na nyekundu kwa kila swali. Sababu zinazojirudia humo za kufanya vibaya ni kutoelewa matakwa ya swali, maarifa haba na udhaifu wa Kiingereza. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoponywa kwa kumwambia mtu kwamba amepata 38.

Kuhusu hicho Kiingereza, wapo watakaohofu kwamba mjadala wa Kiswahili, au wa Kiha, utamharibu mtahiniwa anayetakiwa kuandika kwa lugha nyingine. Naona ni kinyume chake. Aya iliyo tupu kwa Kiswahili haijai kwa kutafsiriwa. Atazame na kubishana kwa lugha anayoiota, sentensi nne za alichoona aziandike kwanza kwa hiyo, kisha avushe sentensi, akisaidiwa maneno matano au sita anayoyahitaji kweli: la duara, la mstari, la anayeongoza, la wanaoitikia, na yale mawili ya ngoma chombo na ngoma mchezo. Orodha ya istilahi mia moja kwenye ukuta wa darasa sijui inamsaidia nani.

Limebaki suala la wasiocheza. Ujiji ni mji wa dini, na wapo wazazi, Waislamu kwa walokole, ambao hawataki mtoto wao aingie ngomani hata kwa ajili ya somo. Heshima yao ilindwe, na mpango huu hauivunji, kwa sababu unachokidai ni jicho. Anayekaa pembeni huona mpangilio wa wachezaji vizuri kuliko aliye katikati ya vumbi. Na kama hata kutazama ngoma ni tabu, miondoko haiko ngomani peke yake. Rudolf Laban, ambaye mwaka 1928 alitangaza mfumo wake wa kuandika miondoko ya ngoma kwa alama, alikwenda baadaye katika viwanda vya Uingereza kuwatazama wafanyakazi, na mwaka 1947 akatoa kitabu pamoja na F. C. Lawrence kuhusu nguvu wanayoitumia: uzito, muda, nafasi, mtiririko. Mwanafunzi wetu na ateremke mwaloni asubuhi. Amtazame mama anayeanika dagaa: kiganja kinachota kwa uzito, mkono unatupa kwa wepesi, kiwiliwili kinageuka robo, dagaa wanatawanyika bila kulundikana, na kabla ya wa mwisho kutua kiganja kimeshateka tena. Aandike hivyo tu. Aya hiyo haijibu swali la dhima za ngoma, wala msahihishaji hataipa vema. Lakini aliyeiandika, ukimrudishia karatasi yake ya mistari mitatu, hatauliza tena anatakiwa kufafanua nini.