Kuujua Ugonjwa wa Transfoma Bila Kuifungua



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Nitaeleza sehemu moja tu: jinsi tunavyotafuta hitilafu ndani ya transfoma kubwa.

Transfoma ni koili za shaba zilizofungwa karatasi na kuvishwa juu ya kiini cha chuma, zote zikiwa ndani ya tangi la mafuta. Nyaya za njia ya umeme zikigusana, mkondo mkubwa hupita ghafla katika koili. Mkondo ukiwa mara 10, msukumo juu ya koili huwa mara 100. Koili yaweza kubonyea, na transfoma ikaendelea kufanya kazi kama mgonjwa asiyejijua.

Kwanza twapima mafuta. Yakipata joto kali hutoa ethilini. Umeme ukiruka ndani yake hutoa asetilini. Mwaka 1974 Michel Duval wa Kanada alibuni pembetatu inayotambua aina ya hitilafu kwa uwiano wa gesi hizo mbili na methani. Lakini koili iliyosogea tu yaweza isitoe gesi.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Twaigawa koili, katika kompyuta, vipande vingi. Kila kipande twakipa indaktansi yake. Kati ya vipande, na kati ya kipande na tangi, twaweka kapasitansi. Huo ndio mfano wa transfoma. Kisha twaizima transfoma yenyewe, twaingiza umeme wa volti chache wa masafa kuanzia hezi 20 hadi hezi 2,000,000, na kuchora kinachotoka upande wa pili. Njia hii ilielezwa na Dick na Erven, Kanada, mwaka 1978. Koili ikibonyea, vilele vya mchoro huhama. Twarekebisha mfano hadi ulingane na mchoro huo. Kipande kilichobidi kurekebishwa ndicho kinachotuonyesha mahali pa kutazama.

Mwenye transfoma huuliza swali moja tu: niwashe, nisiwashe? Akiiwasha mbovu, yaweza kulipuka. Akiizuia nzima, hospitali hukaa gizani bure. Katika kituo kimoja sikukuta mchoro wa siku transfoma ilipokuwa mpya, nikalinganisha fezi mbili za pembeni, ambazo hufanana. Moja ilikuwa imehama. Niliombwa sana nitie saini, nikakataa. Tangi lilipofunguliwa, koili ya ndani ilikuwa imebonyea.

Vijana, kompyuta haitii saini. Mtu ndiye atiaye. Basi somo la indaktansi na kapasitansi msilisome kwa ajili ya mtihani peke yake. Nanyi ndugu zangu wenye dhamana ya mitambo, pimeni mitambo ingali mizima, na mzitunze karatasi zake. Bila kumbukumbu ya afya, ugonjwa ni vigumu kuutambua.