Noeli ya Nyumbani na Noeli ya Kanisani

(Maneno aliyosema mwalimu mmoja wa mtaa mbele ya mkutano wa walimu na wakristo, Ramadhani, Njombe, katika siku za Majilio)



Nimeagizwa niseme habari ya Noeli katika nyumba ya wakristo vijana, yaani mume na mke wenye watoto wadogo. Nilipopata agizo hilo nalicheka kidogo, kwa maana kichwa changu kimekwisha kuingia mvi, na humu mna vijana waliofunga ndoa juzi tu. Lakini wazee wakanijibu ya kuwa mtu akiwa ndani ya moshi haoni moto uko wapi. Akitoka nje ndipo aweza kusema. Basi nikakubali.

Wageni watokao pwani hutucheka wakisikia ya kuwa twaadhimisha Noeli Ramadhani. Huuliza, je, mwezi wa kufunga na sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana vimekutana lini? Twawajibu kwamba ni jina la kata yetu, nasi tumelizoea, wala halijatuzuia kupiga kengele. Tena mgeni huyo huyo huacha kucheka upesi. Njombe iko juu, kadiri ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ingawa baridi yetu kali ni ya Juni na Julai, mvua ya Desemba yatosha kumfanya mtu wa pwani aombe blanketi.

Naitaja mvua kwa sababu ndiyo inayoitawala Noeli yetu. Mahindi yamekwisha kupandwa, nayo yataka palizi na mbolea ya kukuzia karibu na siku zile zile ambazo mtoto ataka shati jipya. Mchele wapanda kutoka Usangu, na bei yake yapanda pamoja nao. Januari shule zafunguliwa. Na pale Makambako, zinapokutana njia ya Iringa na ya Mbeya na hii yetu iendayo Songea, mabasi yawashusha vijana wetu waliokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, wengine wenye maduka Kariakoo. Huja na mizigo, na maneno mengi pia. Baba kijana aliyebaki kijijini huwatazama, kisha huutazama mfuko wake, akaona haya. Ndipo huuza debe la mahindi ya chakula, au huichukua fedha ya mbolea, ili nyumba yake isionekane ya mwisho siku ya Noeli. Jambo hilo nalilitenda mimi mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nikavuna magunia ya aibu. Silo nililokuja kulisema. Nimelitaja msije mkanidhani mtu wa akili nyingi.

Nililokuja kulisema lahusu kanisa na nyumba, na yupi kati yao ampatae baba usiku wa Noeli.

Mwajua jinsi Injili ilivyotufikia. Wamisionari wa chama cha UMCA waliijua Noeli vizuri. Jiwe la msingi la kanisa lile kubwa la Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Noeli mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa. Na huku kwetu upande wa Ziwa Nyasa, Padre William Percival Johnson, aliyefika Afrika mwaka 1876, aliwahudumia watu wa pwani ya ziwa muda mrefu mno, hata akafa Liuli mwaka 1928. Walitufundisha nyimbo, na mkesha, na hori, na kengele. Lakini wamisionari wale walitumika bila kuoa. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya chama chao, na posho yao ilikuwa ndogo. Usiku wa Noeli hapakuwa na mke aliyewangoja, wala mtoto aliyekohoa chumba cha pili. Walimu wao waafrika ndio waliokuwa na wake na watoto. Walimu wale, babu zetu katika kazi hii, waliyashika mafundisho ya mtu asiye na nyumba, wakayatenda wakiwa na nyumba. Sisemi kwamba wamisionari walikosa. Nasema tu kwamba Noeli ya kanisani tulifundishwa, na Noeli ya nyumbani ilitupasa kujifunza wenyewe. Na hata dayosisi yetu ilipoundwa mwaka 1952, Askofu Stradling akaja kutoka Masasi kuwa askofu wake wa kwanza, nadhani somo hilo lilikuwa halijaandikwa bado.

Mimi nalijifunza mwaka 2006.

Mwaka huo Noeli iliangukia Jumatatu. Maana yake, Jumapili ya nne ya Majilio na mkesha wa Noeli vilikuwa siku moja. Walimu waliokuwa kazini wakumbuka. Asubuhi nalisalisha katika mtaa wetu. Jioni nalikuwa nimepangwa kwenda mtaa mwingine wa mbali, kwa kuwa Padre ni mmoja na mitaa ni mingi, na watu wa mtaa ule hawakuwa na mwalimu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minane. Tulipotoka kanisani mke wangu akaniambia, “Baba, mtoto ana homa.” Nikamgusa kipaji cha uso, nikaona ni kweli. Nikasema, “Atapoa. Mfunike. Mimi nitarudi kesho mchana.” Akanitazama, hakujibu. Wanaume mliooa mwajua ya kuwa jibu la namna hiyo ni refu.

Nikaondoka saa kumi ya mchana na kitabu changu ndani ya mfuko wa nailoni. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, njia imekuwa utelezi. Nikafika jua likichwa. Watu walinipokea kwa vigelegele, wakanipa viazi na chai. Saa tatu tukaanza. Watoto walicheza mchezo wa hori, na Herode wao alikuwa na sauti kubwa kuliko malaika. Nami nikahubiri juu ya nyumba ya wageni iliyokosa nafasi. Nalihubiri vizuri. Nalijua kwamba nahubiri vizuri, na hilo lingalinitosha kuwa onyo.

Baada ya sala bibi mmoja mzee sana akanijia mlangoni kunisalimu. Akauliza, “Mwalimu, mama wa nyumbani hajambo?” Nikasema, “Hajambo, Bibi.” “Na mtoto?” Nikasema, “Ana homa kidogo.” Akanyamaza, akaendelea kunishika mkono. Kisha akasema taratibu, hata mtu mwingine asisikie, “Nawe uko hapa watuambia habari ya watu waliokosa nafasi?” Hakusema kwa hasira. Akamwita mjukuu wake, akamwambia awashe kandili, anisindikize.

Naliona haya mbele ya mzee wa kanisa. Nikamwambia, “Baba, sala ya asubuhi itakuwaje?” Akasema, “Nipe kitabu. Nitasoma.” Nikampa. Tukatoka yapata saa saba ya usiku, mimi na kijana yule, mvua yanyesha, wala hatukusema maneno kumi njia nzima.

Nilipofika nyumbani alfajiri nalikuta mlango umefungwa kwa kufuli.

Ndugu zangu, nimeona mambo mengine ya kutisha tangu siku ile, na vifo pia. Lakini kufuli ile bado naiota. Jirani akatoka akaniambia ya kuwa usiku mtoto alianza kupumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Mke wangu akamfunga mgongoni, naye mama mmoja Mlutheri wa nyumba ya pili, aliyekuwa amevaa tayari kwenda mkesha wa kwao, akaacha mkesha wake akaandamana naye mpaka zahanati. Mama huyo hakusikia nyimbo za Noeli mwaka ule. Alibeba mwavuli.

Nikakimbia. Nikawakuta wamekaa juu ya benchi, mtoto amekwisha kuchomwa sindano, amelala. Mganga alisema ni kichomi, tena ya kuwa wangalichelewa mpaka asubuhi asingalijua la kufanya. Mke wangu akainua macho, akasema, “Sikukuu njema, Mwalimu.”

Tangu mtoto azaliwe hakuwahi kuniita Mwalimu. Watu wa mtaani huniita hivyo. Yeye huniita Baba. Nalikaa chini sakafuni karibu na miguu yake, kwa kuwa benchi ilikuwa imejaa, wala sikupata neno.

Kengele za makanisa zikaanza kulia: za kwetu, na za Walutheri, na za Wakatoliki. Ndiyo ilikuwa Noeli yetu.

Sasa mtu ataniuliza, na walimu wenzangu wana haki ya kuniuliza: je, mwalimu asiende? Watu wa mtaa wa mbali wakae gizani usiku wa sikukuu kwa sababu mtoto wa mwalimu anakohoa? Kila Desemba nyumba moja kati ya zetu huwa na mtoto anayekohoa. Nami nawajibu kwamba swali hilo ni la kweli, na mwaka ule ningaliulizwa na Padre wangu nisingalijua kulijibu. Padre hakunikemea nilipomweleza. Aliuliza tu, “Nani alisoma asubuhi?” Nikamtaja mzee yule. Akasema, “Basi mtaa ule una msomaji.” Ikaanzia hapo. Mwaka uliofuata wazee wawili wa kila mtaa walifundishwa kusalisha, kwa zamu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Wako watu walionung’unika kwamba mzee akisoma si sawasawa na mwalimu. Kweli, si sawasawa. Mzee wetu yule husoma polepole, na kila mwaka akifika kwenye jina la Kirenio, liwali wa Shamu, hujikwaa, na watoto hulingojea jina hilo ili wacheke. Lakini Noeli husomwa mpaka mwisho.

Mimi nami, tangu siku ile, humtazama Yusufu zaidi kuliko zamani. Mtakatifu Luka hakumwandikia neno hata moja alilolisema. Lakini angalieni alikuwa wapi. Njiani alikuwapo. Horini wachungaji walimkuta yupo. Na siku za utakaso zilipotimia, wakapanda kwenda hekaluni wote watatu pamoja, wakatoa sadaka ya ndege, ambayo Torati iliwaruhusu wasioweza kupata mwana-kondoo. Kwa kuhesabu kwa Kanisa, siku hiyo ni tarehe 2 Februari, siku ya arobaini. Basi majira ya Noeli yafika mpaka huko, wakati mahindi yetu yamekwisha kumpita mtu kimo na mchele wa sikukuu umesahauliwa. Aliyeshindwa kununua nguo tarehe 24 Desemba ana siku arobaini za kukaa na mtoto wake. Hazimgharimu mbolea.

Niseme upesi juu ya ulanzi, kwa sababu wazee waliniomba. Mvua hii ndiyo inayoutoa ulanzi, na vilabu havina Majilio. Baba aliyetoka Makambako na mkate na soda za watoto, kisha akakesha kilabuni, ameleta mzigo, yeye mwenyewe hajafika. Yatosha.

Lakini lipo jambo ambalo siwezi kulipita upesi. Katika mkoa huu ziko nyumba zenye watoto wadogo zisizo na baba wala mama. Utafiti wa Serikali wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha ya kuwa hapa Njombe watu 11.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa na virusi vya UKIMWI, nacho kilikuwa kiwango kikubwa kuliko cha mikoa mingine ya Tanzania bara. Dawa zimewaokoa wengi, twamshukuru Mungu. Wapo humu, wanaimba. Wengine waliondoka kabla dawa hazijafika, au kabla hawajakubali kuzimeza, na bibi akaanza kulea upya akiwa na miaka sabini. Tunapotangaza kanisani “Noeli ya familia”, na kuwaita baba na mama na watoto waje mbele wabarikiwe, bibi huyo hukaa kitini pake, na wajukuu wakamtazama waone kama yeye ataondoka. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nawaomba mapadre na walimu tuliangalie tangazo letu. Tumwite bibi kwanza. Akina mama wa Umoja wamekwisha kuanza kwenda nyumbani kwa mabibi hao jioni ya mkesha, kuwapikia na kukaa nao. Kwetu walikwenda nyumba sita mwaka jana, na yule mama Mlutheri, ambaye sasa naye ni bibi, alikwenda pamoja nao bila kualikwa.

Mwaka huu mkesha nimepangwa mtaa ule ule wa mbali. Tutakwenda wote, mke wangu na watoto wetu watatu, na tutalala huko. Mzee wa kanisa amesema kuna nafasi katika ghala lake, ila tuje na blanketi zetu. Sala ya asubuhi atasoma yeye. Ngoma atapiga yule mkubwa wetu, aliyekuwa na homa.