Jua la Uani: Kupika na Kukausha Chakula Katikati ya Mji

(Mazungumzo kwa wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Mchikichini)



Katika maduka ya Kariakoo neno "sola" limekuwa na maana moja tu: paneli, betri, taa na chaji ya simu. Mnunuzi anayeingia dukani akaomba "sola ya kupikia" huonyeshwa paneli, na mara nyingine huondoka nayo. Naomba tuanze kwa kutenganisha mambo haya mawili, kwa kuwa hapo ndipo fedha za watu hupotea. Paneli hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme, na katika kazi hiyo hupokea sehemu kumi na kutoa kama mbili. Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, humwaga kiasi cha wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Paneli yenye ukubwa huo itakupa takriban wati 200, ilhali birika la umeme hudai wati 1,500 au zaidi. Seti iliyokusudiwa kuwasha taa tatu na redio haitaivisha maharage, hata muuzaji aape vipi. Leo hatuzungumzii umeme. Tunazungumzia joto lenyewe, lilelile linalounguza bati la nyumba yako, ambalo halidai betri wala waya.

Wazee wa pwani hawakungoja kufundishwa na ofisi yoyote namna ya kuanika. Walitengeneza mbata, ng'onda, papa na makopa ya muhogo. Waliotoka Usukumani walikuja mjini na michembe na matobolwa: michembe ni vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa vibichi, matobolwa ni vya viazi vilivyochemshwa kwanza. Lugha yetu imeweka kitenzi cha kuanika na kingine cha kuanua, na nitaeleza baadaye kwa nini hapa mjini hicho cha pili ndicho chenye kazi kubwa zaidi.

Kilichobadilika ni mahali. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ua wake nyuma, na ua ulipata jua tangu asubuhi. Leo ghorofa la jirani linakata jua saa tisa alasiri, na pengine saa nane. Vumbi la Mtaa wa Msimbazi na moshi wa magari haviishii barabarani. Anayekaa ghorofani hana ua kabisa. Ana paa, na paa lina mwenyewe, kwa hiyo mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla ya kupandisha kitu chochote huko. Kabla hujanunua wala kutengeneza chombo, chukua siku moja tu uone jua linafika wapi nyumbani kwako kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Pasipo saa nne hizo kamili, usitoe fedha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulikosea. Watu hudhani kwamba kinachokausha chakula ni ukali wa jua. Kinachokausha ni hewa, na jua huipa hewa uwezo wa kubeba maji. Dar es Salaam ina jua la kutosha. Tatizo letu ni kwamba hewa ya pwani tayari imeshiba maji. Embe ulilolianika juu ya bati litaonekana kavu saa saba, na usiku litanywa unyevu tena. Ukiendelea hivyo siku tatu au nne, kuvu huingia kabla ukavu haujafika.

Lakini hewa hiyohiyo ukiipasha joto, tabia yake hubadilika. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hali ya kawaida kwetu, ikipashwa mpaka nyuzi 50 unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 26. Hujaondoa tone la maji ndani yake. Umeipanua nafasi tu. Hewa hiyo ikipita juu ya vipande vya embe itanyonya, na ikipata tundu la kutokea itaondoka na maji hayo. Hii ndiyo siri yote ya kaushio la jua, na ndiyo sababu sanduku lililofungwa pande zote, hata likiwa na joto kali, halikaushi: hufukiza chakula kama chungu chenye kifuniko.

Kaushio la nyumbani, basi, ni sanduku la mbao au boksi gumu, lenye sakafu nyeusi, uso wa kioo au plastiki angavu, matundu upande wa chini hewa iingie, na mengine upande wa juu itoke. Matundu yote yafunikwe kwa wavu, inzi wasipite. Hapa nitoe onyo. Chandarua cha zamani kisitumike kufunika chakula wala kuziba matundu hayo. Vyandarua vingi tulivyopewa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo haikukusudiwa kuliwa. Nunua wavu mpya usio na dawa; kipande kinachohitajika ni kidogo. Vilevile nyanya na embe, kwa uchachu wao, havifai kulazwa juu ya wavu wa bati. Ungo au wavu wa plastiki unatosha. Ukipaka rangi nyeusi, liache sanduku juani siku mbili likiwa tupu mpaka harufu iishe.

Ndani yake uweke nini? Mchicha na majani ya kunde ndivyo vyepesi kuanza navyo. Yachambue, yaoshe, yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, yachuje, kisha yatandaze yasilaliane. Majani hayataki jua la moja kwa moja, kwa kuwa mwanga huharibu vitamini A ambayo ndiyo sababu ya kuyala. Funika kioo kwa kitambaa cheusi, joto lipite na mwanga ubaki nje. Usishangae mavuno yakiwa madogo. Sehemu tisa katika kumi za mchicha ni maji, na nyanya ina maji zaidi ya hapo: kilo nzima ya nyanya itakupa konzi moja au mbili tu. Hesabu hii uifanye kabla. Kukausha nyanya kuna faida siku zile zinapomwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Kukausha nyanya ulizonunua kwa bei ya juu ni kucheza na fedha.

Embe ni jambo jingine. Msimu wake mkubwa huja kati ya Novemba na Februari, maembe yanaozea kwenye matenga, na embe lililokauka vizuri mtoto atalila shuleni badala ya peremende. Likate vipande vya unene wa nusu sentimita, vilingane. Ubaya ni kwamba msimu huo huanza pamoja na mvua za vuli, na hata zikipita, hewa ya kaskazi ina unyevu. Hapo ndipo kuanua kunapokuwa na kazi. Jua likianza kupungua nguvu, alasiri mapema, toa chakula, kiweke katika chombo chenye kifuniko kinachobana, ukirudishe juani kesho yake asubuhi umande ukishakauka. Asiyeweza kuwa nyumbani saa hizo amwombe jirani, au aache kabisa kukausha matunda mpaka miezi ya Juni hadi Septemba, hewa inapokuwa kavu kidogo na upepo wa kusi unavuma. Masika, Machi mpaka Mei, si wakati wake hata kidogo.

Utajuaje kwamba kimekauka? Majani husagika kiganjani. Embe na nyanya hupinda kama ngozi bila kunata, na ukikata kipande ukakibana hakitoi maji. Halafu jaza chupa ya kioo angavu, ifunge, iache siku mbili. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha vyote juani siku hiyohiyo. Ukiona kuvu, tupa vyote. Najua ni vigumu kumwambia mtu atupe chakula alichokihangaikia siku tatu, na bibi zetu wengine walikuwa wakikwangua kuvu na kuendelea. Lakini mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi yao. Sumu hiyo haionekani, na moto wa jikoni hauiondoi. Mahindi na karanga ndizo hupatwa zaidi. Mwenye kuanika karanga sakafuni uani na kuzirudisha ndani hazijakauka yumo hatarini kuliko mwenye kukausha mchicha. Samaki wabichi nisingependa mtu aanze nao katika sanduku la nyumbani. Wanataka chumvi, wanataka uzoefu.

Kupika kwa jua ni kazi rahisi kuliko kukausha, kwa kuwa hapo tunataka sanduku lifungwe. Wazo si geni. Mwaka 1767 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliweka vioo kadhaa juu ya sanduku na kupata joto la kuivisha matunda. Karibu na kwetu, kuanzia 1995, wakimbizi wa kambi ya Kakuma, Kenya, walipewa majiko ya karatasi ngumu yenye foili, ambayo humulika mwanga kwenye sufuria nyeusi iliyofungwa ndani ya mfuko angavu. Kakuma ni nchi kavu isiyo na mawingu mengi. Hapa kwetu mawingu hupita, na jiko la sanduku, lenye kuta nene zilizojazwa matambara au pumba, huvumilia wingu vizuri zaidi.

Jiko la sanduku lililotengenezwa vizuri hupita nyuzi 120, na lita moja ya maji huweza kuchemka kwa muda wa saa moja hivi, adhuhuri ya jua safi. Sufuria iwe nyeusi, nyepesi, na ya kifuniko. Sufuria inayong'aa, fahari ya jiko letu, hurudisha mwanga ulikotoka. Wali, viazi, ndizi na mboga huiva bila kuungua na bila kukorogwa. Kila unapofunua kifuniko "kuangalia tu", umetupa robo saa.

Kuhusu maharage mekundu naomba msikilize kwa makini. Yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko wa nguvu. Maharage yaliyopashwa joto polepole bila kuchemka huweza kuumiza tumbo kuliko hata mabichi. Kwa hiyo yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwanza kwenye gesi au mkaa kwa nguvu angalau dakika 10, ndipo uyapeleke kwenye sanduku yamalizie huko. Bado umeokoa saa mbili au tatu za moto.

Wingu likikaa na chakula kikabaki vuguvugu, usikiache humo mpaka jioni. Chini ya nyuzi 60 vijidudu huzaliana. Kihamishie jikoni mara moja.

Jambo la kuelekeza jiko limewachanganya wengi, na kosa ni la karatasi za maelekezo. Majiko mengi ya kununua huja na maelekezo yaliyoandikwa Ulaya au Marekani, yakisema: "Elekeza kusini." Huko ni sawa. Kwetu, jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu wiki ya pili ya Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, miezi yote ya kipupwe, jua la adhuhuri liko kaskazini, na mwezi Juni limeinama waziwazi. Miezi iliyobaki huwa kusini kidogo. Asiyejua kaskazini aulize upande wa msikiti wowote wa Kariakoo: Kibla, kwa aliye Dar es Salaam, ni karibu kaskazini kamili.

Ukiamua kununua badala ya kutengeneza, mwombe muuzaji aliweke jiko juani mbele yako na lita ya maji ndani. Anayekataa amekujibu. Tazama kama kioo ni cha tabaka mbili, kama mpira wa mlango unabana, kama kuta zina kitu ndani au ni uwazi mtupu. Dai risiti, na muda wa dhamana uandikwe juu yake. Yale majiko ya umbo la sahani kubwa hupika haraka kama gesi, lakini nuru yao huunguza macho na huweza kuwasha pazia. Penye watoto na uchochoro mwembamba siyashauri.

Wala sidai kwamba mtungi wa gesi uuzwe. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania, na jua ni msaidizi tu katika safari hiyo: litakupikia chakula cha mchana siku za jua, chakula cha usiku litakuachia mwenyewe. Na anayefikiria kuuza mboga au embe alizokausha ajue kwamba tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Aanzie huko kabla ya kuchapa lebo.

Hapo nje, ukutani upande wa jua, yako masanduku mawili yaliyowekwa tangu saa nne: moja lina wali, jingine majani ya kunde. Maswali tutayapokea hukohuko, na atakayefunua lile la wali kabla ya saa saba atawajibu wenzake.