Waliochukuliwa, Wakarudi Kufundisha

Ninyi mlio jikoni, mlio njiani kwenda kazini, na wewe mgonjwa uliye kitandani, karibuni. Kama Biblia iko karibu, funua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, mistari minne ya kwanza.

Hapo tunamkuta msichana mdogo ambaye hata jina lake hatukupewa. Washami walimteka katika nchi ya Israeli, akawa mtumishi katika nyumba ya jemadari Naamani. Naamani ana ukoma. Yule msichana akamwambia bibi yake kwamba kule Samaria yuko nabii awezaye kumponya bwana wake. Basi, ni hayo tu. Hakutumwa na kanisa, wala hakufanyiwa karamu ya kuagwa. Alichukuliwa kwa nguvu, lakini yale aliyofundishwa nyumbani kwao alikwenda nayo.

Sisi tukitaja watu waliovuka bahari kuleta Injili kwetu, tunamtaja Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann aliyemfuata mwaka 1846. Ni haki yao. Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka ule ule aliofika. Lakini kazi ya Rabai ilikwenda polepole mno. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kilema, naye aliupokea ubatizo akiwa karibu kufa.

Mwaka 1864 Rebmann akapata wasaidizi. Hawakutoka Ulaya. Walitoka Bara Hindi, nao walikuwa Waafrika kama mimi na wewe. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David. Walikuwa wametekwa utotoni na kuuzwa utumwani; kisha wakaokolewa, wakapelekwa ng'ambo. Huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, shirika la C.M.S. lilikuwa na kituo cha watoto waliookolewa utumwani. Wakafundishwa kusoma, wakafundishwa kazi za mikono, wakafundishwa Neno la Mungu, wakabatizwa. Walipokuwa watu wazima wakavuka bahari ile ile mara ya pili, wakaja kufundisha.

Nisieleweke vibaya. Utumwa ulikuwa uovu mtupu, na Mungu hakumtuma mwindaji wa watu. Wako wengi waliovushwa bahari ile wasirudi kamwe, na mama zao wakafa bila kujua walikoishia. Ninalosema ni kwamba hata mlango uliofunguliwa na mwizi, Bwana aliweza kupita.

Angalieni tena miaka. Walifika 1864. Jones na Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Ni miaka 21. Katika kanisa letu mwalimu hufundisha, na kasisi ndiye abatizaye, kwa hiyo mwalimu hutayarisha watu ambao mikono ya mwingine itawatia maji. Siku hizi twapenda kuuliza waliobatizwa ni wangapi. Wahubiri hushuka kwa ndege, Jumamosi wakabatiza umati, Jumatatu wakaondoka, nasi wachungaji tunabaki na orodha ya majina. Bwana aliagiza mambo mawili pamoja, kubatiza na kufundisha. Hilo la pili halimalizwi kwa juma moja.

Mwaka ule ule wa 1885, mwezi wa Julai, Jones aliondoka Rabai pamoja na Askofu Hannington, wakapita nchi ya Wamaasai kwenda Uganda. Walifika mahali palipoitwa Kwa Sundu, ambapo leo ni mji wa Mumias, si mbali sana na sisi hapa Eldoret. Askofu akaendelea mbele na watu 50, akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, amngoje. Jones akangoja. Tarehe 29 Oktoba Askofu akauawa Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wachache waliosalimika wakarudi na habari. Basi yule aliyeuzwa utotoni kama mzigo akawaongoza watu wale kurudi pwani kwa miguu. Waliingia Rabai mwezi wa Februari 1886, wakiwa na bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe jina Ikabodi, lile la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Utukufu umeondoka. Lakini alikuwa amewarudisha watu nyumbani.

Sasa tuje Kapsoya. Ni mara chache Jumapili ipite bila mzazi kusimama kanisani akiomba tumwombee mtoto wake apate viza. Huyu aenda Kanada kusoma, huyu Qatar kuwa mlinzi, huyu Saudia kufanya kazi za nyumbani. Twachanga nauli, twanunua sanduku na koti zito. Ni vema, njaa ya kazi ni ya kweli. Lakini nani kati yetu amekaa na kijana huyo jioni tatu tu, akamuuliza anaamini nini, na kwa nini? Tunamfunza mahojiano ya ubalozi, hatumfunzi la kujibu mwenzake wa chumbani atakapomuuliza Yesu ni nani.

Wengine watasema, mchungaji, kuna nchi ambazo sheria haimruhusu Mkristo kuhubiri hadharani. Najua, na simwambii binti yeyote ajitie hatarini. Yule wa nyumba ya Naamani naye hakusimama sokoni. Alisema neno moja na bibi yake, ndani ya nyumba, kwa sababu aliona mtu anaumwa.

Ewe mzazi mwenye mtoto ng'ambo, juma hili mpigie simu. Usianze na habari za fedha. Muulize kama amekula, kama anatendewa vema, kisha muulize anasali na nani. Akisema hana wa kusali naye, msomee sura hii ya 5 huko huko kwenye simu, pole pole, mpaka aisikie yote.

Bwana awabariki. Amina.