Muhuri wa Mwalimu

Ndugu msikilizaji, juma hili nakupeleka Utete, ukingoni mwa mto Rufiji. Akina mama wa huko na wa Kibiti ni mafundi wa mikeka ya ukindu. Binti haanzi na nakshi. Huanza na ukili mtupu, akahesabu miyaa mpaka vidole vizoee. Baadaye hupewa miyaa ya rangi, na hapo ndipo hutunga lake.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya batiki. Nilinunua moja sokoni, maua yake yakipendeza kweli kweli. Kuifua mara moja tu, rangi ikahamia kwenye kanzu yangu. Fundi yule alikuwa na jicho, ufundi hana. Meza ya pili niliona vitambaa kumi, rangi imekamata barabara, lakini vyote twiga yule yule. Huyu ana ufundi, lake mwenyewe hana.

Msikilizaji, katika batiki kuna mahali ambapo ubunifu ni hatari. Kitambaa cha pamba lazima kifuliwe kwanza, wanga utoke. Kostiki soda hutiwa kwenye maji. Maji hayatiwi kwenye kostiki, kwani huchemka na kuruka. Mikono ivae glovu. Nta ya mishumaa hupasuka upesi, ya nyuki hunyumbuka. Kipimo cha mchanganyiko ndicho huleta ile mishipa ya rangi tunayoipenda. Hapo mwanafunzi na atii, apime kwa kijiko, aandike daftarini.

Lakini muhuri je? Mwalimu anayewagawia wanafunzi ishirini muhuri wake mmoja amefungua meza ishirini za bidhaa moja. Watashindana kwa kushusha bei, na atakayeumia ni mama aliyekopa fedha za rangi.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Hawakusema ugeuke nyuki.

Basi ushauri wangu kwa waandaaji wa mafunzo ni huu. Siku za mwanzo ziwe za kipimo, bila mzaha. Siku za mwisho kila mmoja achonge muhuri wake. Mama wa Utete anazo nakshi za ukili kichwani tangu utotoni. Kwa nini tumfundishe twiga wa watalii, badala ya kumwonyesha jinsi ya kuuhamishia mkeka wake kwenye kitambaa?

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.